Röntgen, mkono wa mkewe na bahasha ya mjomba

Nyumbani kwa mjomba wangu, Mji wa Kale, kuna sandaku ambamo mkaza mjomba huweka hati ya nyumba, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, sanda mbili walizorudi nazo kutoka Makka, na bahasha moja kubwa ya kaki. Ndani ya bahasha hiyo mna picha tatu za kifua cha mjomba. Ya kwanza ni ya Julai 2021, ya pili ni ya Juni 2022 na ya tatu ni ya Januari 2023. Zilitakiwa ziwe nne. Ile isiyokuwemo, ya Oktoba 2021, kukosekana kwake kuna mkono wangu, na ndiyo iliyonifanya nianze kumsoma mtu aliyetuletea picha hizi. Nilidhani ningemsoma jioni moja nikamaliza. Imekuwa mwaka mzima.

Jina lake Wilhelm Conrad Röntgen. Wajerumani wamemgeuza kuwa kitendo: kwao mtu hapigwi eksirei, hu-röntgen-iwa. Sisi tumebaki na jina alilolichagua mwenyewe, na naamini lingempendeza zaidi.

Alizaliwa tarehe 27 Machi 1845 katika mji wa Lennep, Ujerumani ya leo, mtoto wa pekee wa mfanyabiashara wa vitambaa. Mamake alikuwa na asili ya Uholanzi, na kijana alipofikia miaka mitatu familia ikahamia huko, mji wa Apeldoorn. Hakuwa mtoto wa ajabu. Wanaosimulia utoto wake hutaja kwamba alipenda kuzurura mashambani na misituni, na alikuwa na mkono mwepesi wa kuunda vijidude vya mitambo.

Balaa lilimpata akiwa shule mjini Utrecht. Mwanafunzi mmoja alichora kikaragosi cha mwalimu, mwalimu akakiona, na lawama zikamwangukia Röntgen. Mchoraji alikuwa mwingine, lakini inasimuliwa kwamba yeye alikataa kumtaja mwenzake. Akafukuzwa. Akaondoka shuleni bila cheti, na bila cheti hakuna chuo kikuu cha Uholanzi wala cha Ujerumani kilichompokea kama mwanafunzi kamili. Alipata mlango mmoja tu. Chuo cha ufundi cha Zürich, Uswisi, kilikuwa tayari kupokea watu kwa mtihani, bila kuuliza sana karatasi za nyuma. Akaingia huko mwaka 1865. Baada ya miaka mitatu alikuwa na diploma ya uhandisi wa mitambo, na mwaka uliofuata akapata udaktari wa falsafa.

Ungedhani mambo yameisha hapo. Mwaka 1870 mwalimu wake, August Kundt, alimchukua kama msaidizi katika chuo kikuu cha Würzburg. Röntgen alipotaka kupandishwa awe mhadhiri, chuo kilikataa, kwa sababu hakuwa na kile cheti cha shule ya sekondari. Mtu ana udaktari mfukoni, anaulizwa cheti cha shule! Msomaji mwenye diploma kama mimi, aliyewahi kuambiwa dirishani kwamba nafasi ni ya wenye digrii, atanielewa kwa nini nilipofika hapa niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu. Basi wakahamia Strasbourg, ambako hawakuwa wakali kiasi hicho. Kutoka hapo alipita Hohenheim, akarudi Strasbourg, akaenda Giessen. Na mwaka 1888 chuo kile kile cha Würzburg kilichomkataa kikamwita arudi awe profesa na mkuu wa taasisi ya fizikia. Kufikia 1894 alikuwa mkuu wa chuo kizima. Sijaona popote kwamba aliwakumbusha habari ya cheti.

Mkewe aliitwa Anna Bertha Ludwig, binti wa mwenye mgahawa mmoja huko Zürich ambako wanafunzi walikuwa wakikaa. Alimzidi mumewe kwa takriban miaka sita. Walioana mwaka 1872. Hawakujaaliwa mtoto, na mwaka 1887 wakamchukua binti wa ndugu yake Bertha, mtoto wa miaka sita, wakamlea kama wao. Namtaja Bertha kwa sababu bila ya mkono wake hadithi hii isingeenea kama ilivyoenea.

Ijumaa, tarehe 8 Novemba 1895, jioni, Röntgen alikuwa peke yake maabarani. Wakati ule wanafizikia wengi wa Ulaya walikuwa wakichezea bomba la kioo lililotolewa hewa. Ukipitisha umeme wenye nguvu ndani yake, hutoa mwanga. Yeye alilifunika bomba lake kwa karatasi ngumu nyeusi hata mwanga usipenye, akatia chumba giza. (Chumba chenye giza ndicho chombo cha kale cha elimu ya nuru. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra, alikitumia kuchunguza njia ya mwanga zaidi ya miaka 800 kabla ya usiku huo.) Alipowasha umeme aliona kitu kinamemeta pembeni, mbali kidogo na bomba. Kilikuwa kipande cha karatasi kilichopakwa chumvi ya bariamu na platini. Akazima, kikazima. Akawasha, kikamemeta. Kuna kitu kilikuwa kikitoka bombani, kikipita karatasi nyeusi, kikivuka hewa, na macho hayakioni.

Hakukimbia kuwaita watu. Wengine wangefanya hivyo, na pengine wengine walikuwa wameshaona mmemeto ule wakaudharau. Yeye alijifungia wiki saba. Alikula humo maabarani na mara nyingine alilala humo humo. Aliweka mbele ya miale ile kila alichokipata: mbao, mpira, kitabu cha kurasa elfu moja, bati, risasi. Kitabu kilipitwa kama hakipo, risasi ikazuia. Na katika kushika vitu hivyo mbele ya kile kibao kinachomemeta, akaona kivuli cha mifupa ya mkono wake mwenyewe. Kwa kuwa hakujua miale ile ni nini, aliiita X, kama wanavyoandika watu wa hesabu pale wasipojua jawabu.

Tarehe 22 Desemba alimwita Bertha. Mkewe aliweka mkono juu ya sahani ya picha, akatulia kama robo saa. Picha ilipotoka ilionyesha mifupa ya vidole na pete ya ndoa ikielea kwenye mmoja wao, nyama ikiwa kivuli tu. Inasemekana Bertha alishtuka, akaona kama ameonyeshwa mauti yake. Simlaumu. Mjomba wangu, mara ya kwanza daktari alipoitundika picha yake kwenye taa, aligeuza uso akasema mambo hayo ni ya kaburini.

Siku tatu baada ya Krismasi yao Röntgen aliwasilisha andiko lake fupi. Siku ya mwaka mpya wa 1896 alituma nakala na picha kwa wenzake, na kufikia tarehe 5 Januari gazeti moja la Vienna lilikuwa limeshaitoa habari. Hakuna habari ya sayansi iliyokuwa imekimbia vile. Katikati ya mwezi alikuwa Berlin akimwonyesha Kaiser. Tarehe 23 Januari alizungumza mbele ya wenzake wa Würzburg, akaupiga picha mkono wa mzee Albert von Kölliker, mtaalamu wa maumbile ya mwili. Mzee akapendekeza pale pale miale hiyo iitwe kwa jina la Röntgen. Mwenyewe aliendelea kuiita X.

Wenye viwanda walimjia na mikataba. Akakataa kusajili hataza, akasema ugunduzi ule ni wa watu wote. Hili nalipitia haraka kwa maneno lakini si haraka moyoni. Mtu akipigwa eksirei Lamu au Kwale hulipia mashine, umeme, sahani na kazi ya mpigaji. Halipi warithi wa Röntgen chochote, na hajawahi kulipa. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1901, ya kwanza kabisa kutolewa, alikwenda Stockholm kuipokea, hakutoa mhadhara, na fedha zake akakiachia chuo cha Würzburg kwa ajili ya utafiti. Alipotunukiwa cheo cha ukabaila, kile kijineno kinachotiwa kati ya jina la kwanza na la ukoo, alikikataa vile vile. Kuhusu miale iliyompa umaarufu aliandika maandiko matatu tu, akarudi kwenye kazi zake nyingine.

Hakukosa wa kumchukia. Philipp Lenard, aliyekuwa ametangulia kuchunguza mabomba yale, alikufa akiamini kwamba heshima ilikuwa yake. Naye alipata Nobel yake mwaka 1905, haikumtosha.

Sasa kifua. Mwanzoni watu walishughulika na mifupa iliyovunjika na risasi zilizobaki mwilini, kwa kuwa hizo huonekana waziwazi. Lakini katika mwaka ule ule wa 1896, daktari Francis Williams wa Boston alianza kutazama mapafu kwa miale hii. Pafu ni zuri kwa eksirei kwa sababu limejaa hewa. Miale hupita kwenye hewa bila kizuizi, na pale ilipopita sahani huwa nyeusi. Mfupa huizuia, sahani ikabaki nyeupe. Kwa hiyo pafu la mtu mzima wa afya ni jeusi kama usiku, na mbavu zimelizunguka. Pafu likiingia maji, usaha au uvimbe wa maradhi, hewa hukosa nafasi yake, na mahali hapo hutokea wingu jeupe. Homa kubwa ya 1918 ilipozuka, kambi za jeshi zilikuwa na mashine hizi, na madaktari waliyaona mawingu hayo kwenye vifua vya vijana. Röntgen alikuwa hai bado, mzee wa miaka 73 mjini Munich, akimuuguza Bertha.

Mawingu hayo ndiyo niliyoyaona mimi Julai 2021.

Wenyeji mnakumbuka. Mwaka uliotangulia Mji wa Kale ulikuwa umefungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na mjomba alisalimika. Wimbi la pili yake, la ile aina kali, ndilo lililompata. Alikuwa muadhini wa msikiti wa mtaani kwetu kwa zaidi ya miaka 20. Alikaa hospitali usiku tisa na mpira wa oksijeni puani. Picha yake ilikuwa na mawingu pande zote mbili, chini na pembezoni, kama pamba iliyochanwa. Daktari kijana alitueleza kwamba hiyo ndiyo sura ya nimonia ya kirusi kile. Alipomruhusu alimpa karatasi, akaniambia mimi niliyekuwa nimesimama karibu: arudishwe baada ya wiki 12 apigwe picha nyingine, hata akijiona mzima.

Hapo ndipo mimi sikuelewa, na sikuuliza. Nimekuja kuelewa baadaye. Picha huchelewa nyuma ya mgonjwa. Homa hushuka, hamu ya kula hurudi, mtu anatembea, na mawingu yangali yamo kifuani. Ukimpiga picha baada ya wiki mbili utayaona tu, na hayatakueleza kitu. Wengi wao mawingu huondoka yenyewe kwa wiki kadhaa au miezi. Kwa nimonia za kawaida madaktari wengi husema wiki 6, hususan kwa aliyepita miaka 50 au mvutaji sigara. Kwa ile nimonia ya korona walionywa zaidi, Waingereza wakaandika wiki 12. Kinachotafutwa ni mambo mawili. Kwanza, je, pafu limerudi kuwa jeusi, au limebakiza makovu yanayohitaji skani ya CT na kipimo cha pumzi? Pili, je, nyuma ya wingu lile hakukuwa kumejificha kitu kingine, saratani au kifua kikuu, ambacho wingu la nimonia lilikifunika? Si kila mgonjwa anahitaji kurudi. Kijana aliyekohoa siku tano akapona nyumbani hahitaji. Aliyelazwa kwa oksijeni, mwenye umri, aliyewahi kuvuta, au ambaye kikohozi hakikuisha, huyo ndiye anayeandikiwa karatasi.

Mjomba aliacha sigara akiwa na miaka 50, na alikuwa na 63.

Oktoba ilipofika alinipigia simu akaniuliza kama nitampeleka. Alisema mwenyewe hakuona maana, kifua ni kile kile na picha anayo. Ningeweza kumwambia twende. Nilikuwa na ada za skuli za watoto, na nauli na picha yote yangetoka mfukoni mwangu. Nikamwambia asubiri mwisho wa mwezi, na kwamba kwa hali yake naona ashapoa. Alikuwa ameanza tena kuadhini, alfajiri tulimsikia kutoka kitandani. Sauti ile ilinidanganya. Mwisho wa mwezi ukapita, na miezi mingine ikapita.

Kuna wanaoikimbia picha kwa kuogopa mionzi, na mkaza mjomba alikuwa mmoja wao. Hofu hiyo haikutoka hewani. Hao wa mwanzo hawakujua hatari ya miale waliyoishika. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, aliutia mkono wake kwenye miale kila siku kuijaribu mashine, ukaungua, wakamkata mikono, akafa mwaka 1904. Huko Hamburg kuna mnara uliojengwa mwaka 1936 wenye majina zaidi ya mia moja ya madaktari, wauguzi na mafundi waliokufa kwa miale hii. Lakini kipimo cha leo si cha Dally. Picha moja ya kifua humpa mtu mionzi inayokaribia ile anayoipata kwa siku kumi hivi za kuishi tu duniani, kutoka ardhini, mawe na angani. Skani ya CT ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi, kiasi cha miaka miwili hivi, ndiyo maana daktari mwema huanza na picha ya kawaida. Mwenye mimba aseme mapema. Na tukitaja CT, mmoja wa wawili waliotunukiwa Nobel ya mwaka 1979 kwa ajili yake ni Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeianza kazi hiyo akiwa Cape Town.

Juni 2022 mkaza mjomba aliniita pembeni. Mjomba alikuwa akikonda, shuka zilikuwa zikilowa jasho usiku, na kikohozi kilikuwa kimerudi naye akikificha. Siku hiyo sikuulizia bei. Picha ya pili ilionyesha yale mawingu ya chini yameondoka karibu yote. Juu, upande wa kulia, kulikuwa na kivuli na ndani yake tundu. Makohozi yakapimwa, yakathibitisha kifua kikuu. Dawa alipewa bure, kama anavyopewa kila mgonjwa wa kifua kikuu hapa Kenya, miezi sita. Nyumba nzima ilichunguzwa, na mjukuu wake wa miaka mitatu akapewa dawa ya kinga.

Nilimuuliza daktari kama ugonjwa ulikuwemo tangu mwanzo, umefichwa na mawingu ya Julai, au uliingia baadaye. Aliiweka ile picha ya kwanza na ile ya pili ubavu kwa ubavu, akazitazama kwa muda, akasema hawezi kujua. Picha ya katikati ndiyo ingemwambia, naye akaniuliza iko wapi.

Röntgen naye ameacha pengo. Bertha alifariki mwaka 1919 baada ya maradhi marefu. Mfumuko wa bei uliofuata vita ukaila akiba ya mzee, na yule aliyewapa watu bure kitu cha thamani kubwa namna ile akaishi miaka yake ya mwisho kwa kubana. Tarehe 10 Februari 1923 alifariki Munich kwa saratani ya utumbo. Wakamzika Giessen. Katika wasia wake alitaka barua zake na daftari za maabara ziteketezwe, na zikateketezwa. Ndiyo sababu hakuna anayeweza kueleza kwa hakika, dakika kwa dakika, kilichotokea Ijumaa ile. Waandishi wanakisia kutokana na kile alichochapisha na waliyoyasikia wachache waliokuwa karibu naye.

Mjomba alimaliza dawa Januari 2023, na picha ya tatu ikapigwa. Tundu limejifunga, limeacha kovu lililovuta pafu juu. Vijidudu vimekwisha, alhamdulillahi, lakini pumzi ya zamani haikurudi. Adhana aliyokuwa akiivuta bila kukata sasa huikata, na ya alfajiri amemwachia kijana mmoja wa madrasa. Yeye hukaa nyuma yake karibu na kipaza sauti. Kijana akiifupisha herufi isiyofupishwa, humgusa begani, na asubuhi ile ile humrudisha mpaka aipatie.

Bahasha iko sandakuni. Mkaza mjomba ameandika tarehe juu ya kila picha kwa kalamu ya wino, na karatasi ya miadi ijayo ameibana kwa pini nje, pale ambapo nikija kusalimia siwezi kusema sikuiona.